Kumwandaa Mtoto kwa Kemotherapi Kabla ya Upasuaji

Usishangae daktari akiahirisha kisu ilhali uvimbe wa saratani ya figo unaonekana wazi tumboni mwa mtoto, kwa sababu uvimbe uliokwisha kusinyaa kwa kemotherapi, yaani dawa za kuua saratani, hutolewa kwa urahisi zaidi na hauelekei sana kupasuka mezani. Katika mpango unaofuatwa sana Ulaya, dawa mbili, vinkristini na aktinomaisini, hutolewa kwa wiki 4. Saratani ikiwa imefika mapafuni, doksorubisini huongezwa na muda huwa wiki 6.

Nyumbani, mzazi asimkande mtoto tumbo, wala asimruhusu shangazi mwenye nia njema kulibonyeza "asikie kama limepungua".

Cha kwanza kununua ni kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, mpeleke hospitalini papo hapo, hata saa nane za usiku, bila kumpa kwanza dawa ya homa inayoweza kuficha hatari, kwani chembe nyeupe za damu zikiwa chache maambukizi humwangusha mtoto kwa saa chache. Mkaaji wa Githurai au Rongai, anayeijua foleni ya Nairobi, na apatane mapema na jirani mwenye gari.

Vinkristini hufunga choo: mpe maji ya kutosha na uji, lakini usimpige bomba wala kumtia dawa njia ya nyuma. Kachumbari ingoje, kwa kuwa huliwa mbichi na inaweza kuleta maambukizi. Doksorubisini huugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili; wekundu ukizidi hapo, mwarifu daktari, maana huenda ni damu.