Kabla ya Kumwaga Vifaranga Ziwani: Jinsi ya Kupima Faida ya Samaki Wageni na Hatari kwa Wenyeji

Wavuvi wa mwaloni au viongozi wa kijiji wanapofikiria kupandikiza samaki katika ziwa dogo, mara nyingi huanza kwa kuuliza samaki huyo atafikia kilo ngapi, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni maji hayo tayari yana samaki gani.

Amua kwanza kama samaki unayemtaka ni mgeni katika maji yenyewe, wala usiangalie mipaka ya nchi. Sangara, ambaye wengi wetu hapa Uganda humwita mputa, ni mwenyeji wa Ziwa Albert na wa Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison. Maporomoko hayo yalimzuia kupanda hadi Kyoga na Victoria, mpaka binadamu walipomhamisha katika miaka ya 1950. Sato (tilapia wa Nile) pia ni mwenyeji wa Albert, Edward na George, lakini Victoria aliletwa. Kwa hiyo hoja kwamba "huyu ni samaki wa Uganda" haina uzito wowote hapa.

Kisha tafuta waliomo. Waulize wazee waliovua hapo tangu ujana wao, na umwombe afisa uvuvi wa wilaya asimamie utegaji wa nyavu kandokando ya mafunjo, ambako samaki wadogo hujificha. Wa kuangaliwa zaidi ni ngege wa asili (Oreochromis esculentus), mbiru (Oreochromis variabilis) na jamii ya furu, samaki wadogo wa asili wa maziwa haya waitwao pia nkejje. Ngege na sato hufanana kiasi cha kumdanganya hata mvuvi mzoefu, kwa hiyo wapelekee watafiti wa uvuvi wa Jinja vielelezo badala ya kutegemea macho.

Ukishawajua, pima hatari. Kuliwa na mgeni ndiko kunakotajwa sana, lakini kwa maoni yangu kuzaana ndiko kunakopuuzwa zaidi: sato huchanganyika na ngege na mbiru, na baada ya vizazi kadhaa ziwa huendelea kutoa samaki huku mbegu ya asili ikipotea bila mtu kugundua.

Ziwa Nabugabo, lililotengwa na Victoria kwa ukingo wa mchanga, linafundisha mengi. Lilikuwa na furu wasiopatikana kwingineko ila katika maziwa madogo ya jirani. Baada ya sangara kupandikizwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, furu walitoweka katika maji ya wazi, wakabaki pembezoni kwenye mimea na katika vijiziwa kama Kayanja na Kayugi, ambavyo sangara hakuvifikia. Kilichowalinda ni kinamasi: maji ya ndani ya mafunjo yana oksijeni kidogo, nayo sangara hayavumilii, ilhali furu wengi huyamudu. Kwa hiyo chora ramani ya vinamasi vinavyolizunguka ziwa lako na uvihesabu kama kuta. Ukuta huo usiupime wakati wa kiangazi. Waulize wakazi maji yalifika wapi katika mafuriko ya mwaka 2020, kwa sababu bwawa lililo chini ya alama hiyo ni sehemu ya ziwa, hata kama leo limezungukwa na migomba.

Faida nayo ihesabiwe kwa haki. Sangara alileta viwanda vya minofu na fedha za kigeni, na kulikana hilo ni kujidanganya. Hata hivyo, uliza kama kipato unachokitarajia hakiwezi kupatikana kwa kufuga kambare wa asili kwenye bwawa. Kipato kina njia nyingi, lakini samaki aliyebaki katika ziwa moja tu hana pengine pa kurudishwa kutoka.

Palipo na samaki wa asili walio hatarini, pendekezo langu ni kutomwaga mgeni ziwani kabisa, bali kumfuga, kwa kibali cha mamlaka ya uvuvi, katika bwawa lililo juu ya alama ya mafuriko na lenye wavu mwembamba kwenye mfereji wa kutolea maji. Muuzaji akikuhakikishia kwamba vifaranga vyake vya sato ni madume matupu, usilegeze wavu huo, kwani mara nyingi majike wachache hubaki ndani ya kundi, na hao wanatosha kuanzisha uzao.