Mbwa mzee wa Konde na muwasho unaorudi

Mzee mmoja wa upande wa Konde, kaskazini ya Pemba, aliniita mwishoni mwa masika nikamtazame mbwa wake. Mbwa ana miaka 11, na kazi yake tangu ujana ni moja: kulinda muhogo na mpunga wasiingie tumbili na nguruwe. Manyoya yalikuwa yameisha kuanzia kiunoni hadi shina la mkia, ngozi nyeusi, nene, imekatikakatika kama gome la mwembe.

"Daktari, huyu kachomwa sindano tatu mwaka huu," akaniambia. "Kila akichomwa anatulia wiki mbili, kisha yale yale. Dawa za siku hizi zimekuwa maji."

Nikamuuliza, mzee wangu, analala wapi? Akanipeleka chini ya dungu, lile jukwaa la kulindia shamba. Pale pana mchanga mkavu, laini, na kishimo kilichokwisha kukaa umbo la mbwa. Nilikanyagakanyaga pembeni yake kidogo tu. Haikupita dakika, soksi zangu zikajaa vitone vyeusi vinavyoruka.

Dawa haikuwa maji. Kwa alivyonieleza, sindano zile zilikuwa za kutuliza muwasho. Dawa ya namna hiyo huunyamazisha mwili usijikune, lakini haiui kiroboto hata mmoja. Kwa mbwa mzee ina ubaya zaidi: ikirudiwarudiwa hupunguza kinga, ngozi inakuwa nyembamba, na wadudu wadogo wa upele waliokuwa wametulia ndani ya vinyweleo hupata nafasi ya kuzaana. Kwa hiyo ukiona muwasho unaondoka wiki mbili na kurudi, muulize aliyemchoma ni dawa gani, na iandike jina lake. Swali hilo peke yake limeniokolea mbwa wengi.

Kiroboto jike akishiba damu anaweza kutaga mayai 40 mpaka 50 kwa siku. Mayai hayakai juu ya mbwa, hudondoka pale anapolala. Yakianguliwa, watoto wake hujificha mchangani kwenye kivuli, kisha hujifungia ndani ya vifuko ambavyo dawa haipenyi, na humo wanaweza kungoja miezi. Wakisikia mtikisiko na joto la mnyama, wanatoka. Ndiyo maana unamtibu mbwa leo na wiki ijayo viroboto wanakuwa vilevile. Hukushindwa, wale ni wapya. Dawa ya viroboto itolewe miezi 3 mfululizo bila kuruka, kwa mbwa wote wa eneo lile na kwa paka pia. Hapa nitoe onyo, kwa sababu nyumba zetu zina paka wengi: dawa ya matone ya mbwa yenye pemethrini humuua paka. Soma kibandiko, na kila mnyama apewe yake.

Mchanga nao una dawa yake. Chota tabaka la juu kiasi cha shubiri moja, ulitandaze juani mbali na nyumba, makuti na magunia ya kulalia yachomwe moto. Kisha mpe mbwa kichaga cha mbao kilichoinuka, ambacho chini yake unaweza kufagia. Kichaga kinamfaa kwa jambo jingine pia, maana mbwa mzee mwenye viungo vinavyouma hulala upande mmoja kutwa, viwiko vikaota sugu na sugu zikapasuka. Gunia lililokunjwa mara mbili juu ya mbao, linalofuliwa kila wiki, linatosha. Kupe wa mbwa yeye hapendi mchanga, anapanda ukutani. Tazama nyufa za ukuta wa udongo karibu na anapofungwa. Ukiona jike aliyevimba ameingia kwenye ufa, ujue anakwenda kutaga mayai kwa maelfu. Ziba nyufa, paka chokaa.

Si kila muwasho ni viroboto. Kuna mambo mawili unayoweza kuyapima mwenyewe kabla ya kupanda daladala kwenda mjini. La kwanza, chana manyoya ya kiunoni juu ya kitambaa cheupe kilicholoa. Chembe nyeusi zikiacha rangi ya kutu ni kinyesi cha kiroboto, kwa kuwa ndani yake mna damu. Zikibaki nyeusi ni uchafu tu. La pili, shika ukingo wa sikio na uusugue kwa vidole viwili. Mbwa akianza kupiga mguu wa nyuma kama anayejikuna, na ukingo huo una magamba, shuku upele, hasa kama viwiko na tumbo navyo vimeshikwa na watu wa nyumbani wameanza kuwashwa mikononi. Upele wa namna hii unaambukiza. Kumtibu mbwa mmoja kati ya watatu wanaokwenda kusaka pamoja ni kazi bure.

Harufu nayo inasema. Mafuta yanayonata, harufu ya kuchacha, masikio yenye uchafu wa kahawia, ngozi nyeusi nene kwapani: hiyo mara nyingi ni hamira ya ngozi, ukungu unaopenda joto na unyevu. Katika masika, mbwa analowa asubuhi, haukauki mwili mpaka jioni, basi inastawi. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya ni choa pengine, na hapo watoto wasimshike.

Tiba ya ukungu na ya vidonda vya bakteria inategemea sana kukoshwa, na hapa tuseme wazi jambo linalotukwamisha. Katika dini yetu ya Kiislamu, mbwa wa kulinda shamba, mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, lakini mate na majimaji yake ni najisi nzito, na kutwaharika ni maji saba, moja lake la udongo. Wengi kwa hiyo hawamkoshi kabisa. Wanaoweza wamejipangia hivi, na mimi nawaunga mkono: glavu ndefu za mpira, buti, nguo za kazi hiyo tu, ndoo na kopo vya mbwa peke yake, brashi ya mpini mrefu, na mbwa amefungwa kwenye mnazi mbali na kisima. Mpango huohuo unakukinga na upele na choa. Tumia sabuni ya mbwa yenye klorheksidini, mara mbili kwa wiki, na povu likae dakika 10 kabla ya kusuuza. Watu husuuza baada ya dakika moja halafu wanailaumu sabuni. Nawaambia: paka povu, nenda kakune nazi, ukimaliza ndipo urudi.

Kumpeleka baharini ni desturi, na mbwa mwenyewe huwa anafurahi. Lakini chumvi ikikaukia kwenye ngozi iliyochubuka inaunguza na kuikausha, kwa hiyo msuuze maji baridi ya kisima mkirudi. Maji ya majani ya mwarobaini hayana ubaya kumsuuzia, ila usiyategemee kuondoa upele. Oili chafu ya gari ni sumu, mbwa atailamba. Na sisi Wapemba tuna kosa letu wenyewe: mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Kwa kuwa yanamtuliza mtu jino, tunadhani yatamtuliza mbwa mgongo. Yakiwa hayajazimuliwa yanababua ngozi, na akiyalamba yanaweza kumdhuru ini.

Dawa ya ng'ombe ni hatari nyingine. Chupa ya ivamektini ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Imekusudiwa mnyama wa mamia ya kilo, na kosa la nukta moja kwa mbwa wa kilo 15 ni dozi mara kumi. Kuna mbwa, hasa wenye damu ya mbwa wa kizungu wa kuchunga kondoo, ambao hata dozi ndogo inaweza kuwaangusha. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi nayo hupandisha sukari ya damu na kupunguza mapigo ya moyo. Mbwa mzee haimfai. Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna, vya mwezi mmoja au vya miezi mitatu, vinavyomaliza kupe, viroboto na upele kwa pamoja. Ni ghali, lakini jumlisha gharama za sindano tatu na nauli. Mbwa aliyewahi kuanguka kifafa, mwambie daktari kwanza. Utahitaji uzito wake: panda mizani ya nyumbani umembeba, kisha panda peke yako, toa. Mizani ya karafuu iache, utagombana na watu.

Yakishafanyika haya yote kwa miezi mitatu na ngozi bado inarudi, basi usitafute tena juu, tafuta ndani. Mbwa anayekunywa maji kupita kawaida, tumbo limeshuka, ngozi nyembamba, huenda tezi zake zinatoa homoni kupita kiasi. Anayenenepa bila kula sana, mvivu, manyoya yamepungua pande zote mbili sawasawa bila muwasho, mkia umebaki kama wa panya, huyo tezi ya shingo huenda imelegea. Haya yanahitaji kupimwa damu. Kidonda au uvimbe usiopona kwa wiki 3, au fizi zilizopauka kwa mbwa aliyejaa kupe, usingoje miezi mitatu. Mpeleke wiki hiyohiyo.

Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani: siku ya dawa, siku ya kukoshwa, siku alipoanza tena kujikuna. Mzee wa Konde haandiki, lakini mjukuu wake wa skuli anamwandikia, na ile kalenda ndiyo iliyonionesha kwamba mwezi wa pili walisahau kumpa paka dawa. Tulianza upya. Mgongoni manyoya yamerudi, mafupi, meusi. Mkiani bado. Tumekubaliana tungoje mwezi mmoja zaidi, na yasipoota nimtoe damu.