Ukifunga Raspberry Pi kwenye Nissan Leaf, angalia umeme unautoa wapi

Kama una Nissan Leaf ya mtumba, gari linaloendeshwa kwa umeme, usitegemee vipimo vya dashibodi peke yake. Chomeka adapta ya Bluetooth kwenye OBD, soketi ya kusomea taarifa za gari iliyo chini ya usukani, na Raspberry Pi Zero W, kompyuta ndogo sana, isome takwimu na kuzituma kwenye simu yako kwa Wi-Fi. Betri kubwa, inayoliendesha gari, ina ngazi 96 za seli zilizounganishwa mfululizo. Usizisome gari likiwa limesimama. Zisome ukipanda mlima. Moja ikishuka volti ghafla huku zingine zimetulia, hiyo ndiyo imechoka, na ndiyo itakayokufupishia safari.

Lakini tafadhali sana, usiilishe Pi kutoka kwenye soketi ya OBD. Pini ya 16 ina umeme saa zote, hata gari likizimwa, na betri ndogo ya volti 12 itakwisha kimyakimya. Ikiisha hiyo, gari haliwaki hata kama kubwa imejaa. Tumia soketi ya kiberiti cha sigara, inayozimika pamoja na gari. Kadi ya kumbukumbu ya Pi uiweke katika hali ya kusomwa tu, maana umeme ukikatika ghafla huiharibu. Na gari likilala siku kadhaa, chomoa adapta pia.