Somo: Kutuma maua mabichi kama zawadi katika mji mdogo

Shada la kwanza nililopeleka hapa Babati lilipokelewa kwa kilio, na hakikuwa cha furaha. Mama alifungua geti, akamwona bodaboda kashika maua meupe, akaweka mikono kichwani na kuuliza, "Nani?" Alidhani ni msiba. Kumbe mwanawe aliyeko Dar alikuwa anampongeza kwa kutimiza miaka 60, na mimi kwa ugeni wangu nikamchagulia krisanthemumu nyeupe tupu, kwa kuwa ndizo zilizokuwa nzuri sokoni Arusha siku ile. Ilibidi mtoto apigiwe simu, aongee na mama yake kwa sauti, ndipo tukakaribishwa chai.

Ndiyo maana somo hili halitaanza na ndoo wala kisu. Kwenye miji yetu maua mengi hayaharibikii njiani, yanaharibikia mlangoni.

Mnijue kwanza. Nina duka la vifaa vya shule, maua ni biashara ya pembeni. Sina chumba cha baridi wala gari. Nina ndoo nne, friji la soda, na bodaboda mmoja ninayemwamini. Maua nayatoa Arusha, kama kilomita 170, yanakuja kwa basi.

Hatua ya 1: Mhoji mtumaji kabla hujapokea hela

Muulize bila aibu: huyu ni nani kwako? Ni shughuli gani? Siku hiyo atakuwa nyumbani, kazini au shambani? Ana mume au mke, na mwenzake anajua? Nipe namba yake, na namba ya mtu mwingine wa karibu.

Majibu hayo ndiyo yanayochagua maua. Nyeupe tupu nimeacha kabisa, isipokuwa kwa harusi, kipaimara au msiba wenyewe. Nyeupe nikiitumia naichanganya na pinki au njano. Waridi jekundu nalo lina maneno. Ukimpelekea mwalimu wa kike aliyeolewa mawaridi mekundu, hata kama yametoka kwa wazazi wa darasa zima, jioni mtaa mzima utakuwa umeshaandika hadithi yake. Mpe ya njano au ya rangi ya chungwa.

Hakiki na tarehe. Watoto walioko Uingereza huwa wananiandikia mwezi wa tatu kwamba Jumapili hii ni Siku ya Mama. Kule huiadhimisha Jumapili ya nne ya Kwaresima. Huku kwetu ni Jumapili ya pili ya Mei. Mama asiyejua habari hiyo atapokea maua na kukaa akiwaza mwanawe anaumwa nini.

Hatua ya 2: Kuchagua maua

Mawaridi ya Arusha hulimwa zaidi kwa ajili ya soko la Ulaya, na mengi tunayoyapata sokoni ni yale yasiyofikia vigezo vya kusafirishwa: kikonyo kifupi, au kimepinda kidogo. Kwa zawadi hayana shida. Shida ni ua la zamani. Bana tumba taratibu kwa vidole viwili pale linapoungana na kikonyo. Likiwa gumu, chukua. Likibonyea kama nyanya iliyoiva, rudisha. Petali za nje zikiwa na michirizi ya kahawia usiogope, zile ni ngao tu, utazibandua mwishoni. Ila tumba lililofunga kabisa kama ngumi liache, mara nyingi limekatwa kabla ya wakati. Litainamisha shingo bila kufunguka.

Nikihitaji maua 20 nanunua 23. Matatu ni ya barabara.

Msimu wa alizeti usisahau utajiri wetu. Kuanzia huku hadi Singida watu wanalima alizeti kwa ajili ya mafuta, na mashamba yakichanua hakuna duka la Arusha litakalokushinda. Ongea na mkulima, mlipe vizuri, maana kila kichwa unachokata ni mafuta yake. Kata alfajiri, petali zikiwa ndiyo kwanza zinanyanyuka. Lakini alizeti ya shambani humwaga unga wa njano: pukuta kwanza, na usimpe bibi harusi ashike kifuani. Na yale maua ya yungi yenye vijiti vya unga katikati, vinyofoe vijiti vyote kabla havijapasuka. Doa lake kwenye gauni jeupe ni kesi.

Hatua ya 3: Kunywesha

Maua yasafiri yakiwa yameshiba. Toa majani yote yatakayozama kwenye maji, kata vikonyo mshazari, sentimita mbili au tatu, kwa kisu kikali, na ukiweza kata kikonyo kikiwa ndani ya maji. Hewa ikiingia kwenye mirija ya kikonyo huziba njia, na kichwa hunyauka huku ndoo imejaa. Yaache yanywe usiku kucha. Ukibanwa sana, walau kwa muda wa saa tatu.

Maji yangu ni haya: lita 1 ya maji ya vuguvugu, kijiko 1 cha chai cha sukari, kijiko 1 cha chai cha Jiki, vijiko 2 vya chai vya maji ya limau. Sukari ni chakula, limau husaidia maji kupanda, Jiki huua bakteria wanaotengeneza ute. Maji yatangulie kwenye ndoo, hivyo vingine uvitie kimoja kimoja na kukoroga. Usikamulie limau kwenye Jiki tupu, itatoka gesi ya kukuchoma koo.

Hatua ya 4: Boksi

Viringisha maua kumi kumi kwenye gazeti, gazeti lipite vichwa kwa vidole vitatu. Chini funga pamba iliyoloa, juu yake kipande cha nailoni na mpira. Vichwa vikae ncha zote mbili za boksi, vikonyo vikutane katikati.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipopoteza hela. Dereva akikanyaga breki, kila kitu kwenye boksi hukimbilia mbele, vichwa vinagonga ukuta na petali zinapondeka. Dawa yake ni kijiti. Chukua mti mwembamba au kipande cha ubao, upitishe katikati ya boksi juu ya vikonyo, utokeze kidogo pande zote mbili, kisha uukaze kwa gundi ya karatasi. Hapo mzigo hauendi popote. Toboa pia matundu pembeni boksi lipumue.

Nilikuwa naandika "MAUA, USIWEKE KITU JUU" kwa herufi kubwa. Hakuna aliyesoma. Siku hizi nafunga ua moja zima kwa nje, juu ya kifuniko. Wapakiaji wakiliona wanalibeba boksi kama mtoto.

Hatua ya 5: Basi

Basi la kwanza la asubuhi, lile la saa 12. Mchana buti ni oveni. Mabasi mengi yana injini nyuma, kwa hiyo omba buti la pembeni katikati, au ndani juu ya viti. Chukua risiti ya mzigo, namba ya basi na simu ya konda.

Kabla hawajafunga buti, chungulia boksi lako limepakiwa pamoja na nini. Mara moja boksi langu lilisafiri limekumbatiana na mikungu miwili ya ndizi zilizoanza kuiva. Lilifika kwa wakati, halikubanwa, halikupigwa jua, lakini kesho yake maua yote yalikuwa yamelegea na mikanesheni imejikunja kama inasinzia. Ndizi mbivu, parachichi na nyanya hutoa gesi ya ethilini, ileile inayoivisha matunda, na kwa ua hiyo ni kuzeeshwa kwa nguvu. Kwa sababu hiyohiyo usiweke maua kwenye friji lenye matunda. Kwenye friji la soda yaweke mbele karibu na mlango. Ukuta wa nyuma huyagandisha.

Hatua ya 6: Yakifika

Kata tena sentimita mbili, yarudishe kwenye maji kwa saa moja au mbili kivulini. Ua lililoinamisha shingo lilaze lote, kichwa na kikonyo, kwenye beseni la maji kwa nusu saa hadi saa moja. Mengi hunyanyuka. Lisilonyanyuka ni moja ya yale matatu.

Hatua ya 7: Mlangoni

Vibao vya anwani za makazi vimebandikwa tangu 2022, lakini bodaboda wangu sijamwona akivitazama. Yeye anajua "ukipita msikiti, geti la kijani, mkabala na mashine ya kusaga". Andika hivyohivyo.

Piga simu kabla. Najua mtumaji anataka kushtukiza, ila kushtukiza kunaweza kumkuta mtu yuko shamba mpaka magharibi. Mimi husema, "Mama shikamoo, nina mzigo wako kutoka kwa mwanao, upo nyumbani?" Sitaji maua. Akisema hayupo, anataja mwenyewe saa.

Kadi iwe na jina la mtumaji, iwe ndani ya bahasha iliyofungwa. Mtumaji awe amelipa yote kwa simu, maana hakuna aibu kama zawadi inayodaiwa hela mlangoni. Na mpeleke mtu nadhifu. Mimi nimemnunulia kijana wangu shati, ni gharama ya biashara.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Swali (Katesh): Dada, kuna kaka anataka nipeleke mawaridi tarehe 14 Februari bila jina, eti binti atajua mwenyewe. Analipa vizuri.

Jibu: Usipokee mdogo wangu. Nilishapeleka ya namna hiyo. Mume ndiye aliyefungua mlango, na mke hakuwa anajua chochote, masikini. Nilirudi pale mara tatu na mwenyekiti wa mtaa kueleza kwamba mimi ni muuzaji tu. Jina liwepo, na wewe umjue mtumaji.

Swali (Kondoa): Mimi naweka Panadol kwenye maji, wengine wanasema sarafu, wengine soda. Ipi ni kweli?

Jibu: Panadol itunze kwa ajili ya kichwa chako, na sarafu nunulia pipi. Soda nyeupe ina sukari na uchachu, kwa hiyo inasaidia, lakini haiui bakteria. Peke yake itafanya maji yaoze haraka. Changanya na maji mengi na matone machache ya Jiki. Na kuliko hayo yote, badilisha maji kila baada ya siku mbili na uoshe chombo kwa sabuni.

Swali (Minneapolis): Shikamoo dada. Mama yangu yuko Magugu. Nikimtumia maua ataniambia, "Ungetuma sukari." Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Tuma vyote. Kilo mbili za sukari, majani ya chai, sabuni ya mche, na juu yake mawaridi saba. Sijaona mama aliyekataa kapu hilo. Watakaokuja kuazima sukari watayaona maua, na hapo ndipo zawadi yako itakapofanya kazi. Tarehe yenyewe ikiwa Jumapili, napeleka baada ya ibada, siyo asubuhi.

Swali (Singida): Nilipeleka shada hospitali, nesi akanizuia mlangoni. Ni haki yake?

Jibu: Ni kazi yake. Wodi za mahututi na za walioungua kwa kawaida hazipokei maua mabichi, kwa kuwa maji ya chombo hukaa na vijidudu. Wodi nyingine wanaruhusu. Piga simu kwa anayemuuguza mgonjwa, aulize kwanza. Au mshauri mtumaji asubiri mgonjwa aruhusiwe, akute maua nyumbani.

Swali (Tanga): Huku kwetu zawadi ya mwanamke ni asmini, siyo hayo mawaridi yenu ya Arusha. Je, asmini inaweza kutumwa kwa basi?

Jibu: Umenikumbusha kwa shangazi yangu Ngamiani, nilikaa kwake miaka minne. Asmini huchumwa jioni ikiwa tumba, hufunguka usiku, na asubuhi imeshachoka. Kwa hiyo safari yake ni fupi: Tanga hadi Pangani au Muheza, sawa. Chuma alasiri, tunga koja au funga kikuba na mrehani wake, viringisha kwenye jani la mgomba lililonyunyiziwa maji, lifike kabla ya magharibi. Usiiweke asmini kwenye maji, itageuka kahawia. Mpaka Babati sahau.

Swali (Katesh tena): Maua yakifika yamevunjika analipa nani?

Jibu: Mimi. Mtumaji hakuniajiri nimweleze habari za breki. Ndiyo maana bei yangu ina yale maua matatu ndani yake. Yakiharibika yote, napiga picha, namwambia ukweli siku ileile, achague kurudishiwa hela au kungoja basi la kesho.

Swali (Kondoa): Na lile ua unalofunga nje ya boksi, nalo unamuuzia mteja?

Jibu: Hapana, lile ni la konda. Likifika stendi analichomoa na kuliweka mfukoni. Anampelekea nani sijamuuliza.