Mwongozo wa namba ya uthibitisho kwa ofisi ya malipo: uandike nini, uache nini

Tuseme ofisi ya wanunuzi wa dagaa kwenye soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, inawalipa wavuvi wa visiwa vya Ukerewe na Ukara kwa simu. Karani anaandaa malipo, msimamizi anapokea tarakimu sita kwenye simu yake, anaziingiza, hela inatoka. Mfumo upo tayari, kilichobaki ni karatasi ya kuueleza.

Anza na jina. Kwa mtu yeyote mwenye laini ya pesa, "namba ya siri" ni ile anayobonyeza akitoa hela kwa wakala. Tarakimu za kwenye meseji ukiziita hivyo, wapo watakaojaza siri ya laini yao kwenye kisanduku chako. Andika "namba ya uthibitisho" kila mahali, kwenye karatasi na kwenye skrini. "Kodi", kwa maana ya "code" ya Kiingereza, usiiguse kabisa, mfanyabiashara akiisikia anawaza TRA, mamlaka ya mapato.

Kisha nakili meseji yenyewe neno kwa neno, ili msomaji aijue akiiona:

"Ombi B. Unatuma Sh 1,850,000 kwenda namba inayoishia 417. Namba ya uthibitisho: 482913. Inaisha baada ya dakika 5. Usimtajie mtu, hata karani."

Kiasi kimetangulia kwa makusudi. Namba ikikaa mwanzoni, mtu anaidaka juu ya skrini iliyofungwa na kuiingiza bila kusoma anamlipa nani. Na tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anachobadilisha ni huyo mpokeaji tu.

Muda wa kuisha uandikwe kwa dakika, usiandikwe kwa saa. "Inaisha 08:05" kwa mfumo ni asubuhi, lakini wapo watakaoisoma saa nane na dakika tano mchana.

Meseji hiyo ina herufi 142, na meseji moja ya kawaida inabeba 160. Ukiongeza jina kama Ng'wandu inafika 152, bado ni moja. Ila hakikisha alama ya ng' ni ile iliyonyooka. Kompyuta ikiweka iliyopinda, meseji nzima inahamia mfumo wa herufi 70, inakatwa vipande vitatu vya hadi 67, na unalipia vitatu. Kwenye maeneo ya mtandao hafifu kipande kimoja kikichelewa, meseji haisomeki vizuri. Onyo hili liweke kwenye sehemu ya fundi, karani halimhusu.

Hatua za msimamizi ziwe chache:

1. Linganisha herufi ya ombi kwenye skrini na ya kwenye meseji.
2. Soma kiasi na tarakimu tatu za mwisho za mpokeaji, ukilinganisha na daftari la mzigo.
3. Ingiza namba mwenyewe. Usimsomee karani kwa simu.
4. Subiri neno "Imethibitishwa". Skrini ikiganda, angalia orodha ya miamala kwanza kabla ya kuomba upya.

Hiyo hatua ya nne ndiyo inayozuia kulipa mara mbili.

Tatizo linalostahili ukurasa wake ni meseji za kuchelewa. Msimamizi yuko kwenye kivuko cha Nansio, mtandao unakatika, anabonyeza "Tuma tena" mara mbili. Mtandao ukirudi zinaingia meseji tatu kwa mkupuo, na si lazima kwa mpangilio. Ombi jipya limeshafuta la zamani, kwa hiyo anaingiza namba ya ombi A wakati mfumo unasubiri ya ombi C, anaambiwa "si sahihi", anarudia, na jaribio la tano linafunga akaunti. Herufi ya ombi iliwekwa kwa ajili ya hili. Mwongozo useme wazi: bonyeza mara moja, subiri dakika mbili, kisha tumia meseji yenye herufi inayoonekana kwenye skrini tu.

Wanaotumia programu ya kuzalisha namba kwenye simu hawasubiri meseji, maana programu haihitaji mtandao. Inategemea saa. Kwa RFC 6238, kiwango cha kiufundi cha namba hizi cha mwaka 2011, muda tangu 1 Januari 1970 hukatwa vipande, kwa kawaida vya sekunde 30, na kila kipande kina namba yake. Simu iliyopangwa kwa mkono ikiwa kwenye majira ya UTC (saa ya rejea ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu) huku ikionyesha saa ya Mwanza, imepotea saa tatu, yaani vipande 360. Dawa ni kuwasha saa ya kujipanga yenyewe. Fundi asiongeze uvumilivu wa seva, yaani tofauti ya saa inayokubaliwa, zaidi ya kipande kimoja mbele na nyuma. Na programu hizo haziji na kiasi wala mpokeaji, kwa hiyo kwa malipo makubwa meseji ni bora.

Ufunguo wa kusajili simu kwenye programu hiyo ukiandikwa kwa mkono, tumia herufi A hadi Z na tarakimu 2 hadi 7 pekee. Kinachofanana na sifuri ni herufi O.

Picha ya msimbo wa QR wa kusajilia isiwe ya akaunti halisi. Anayeipiga picha ukutani anazalisha namba zilezile. Tengeneza akaunti ya mfano, piga picha, kisha ifute.

Simu ikipotea: kwanza msimamizi mwingine azuie akaunti, halafu laini ifungwe kwa mtoa huduma, ndipo usajili uanze upya. Utaratibu huu uchapwe kwenye karatasi ya peke yake, wenye tarehe ya toleo juu kulia, ukae droo ya karani.