Jinsi ya kuendesha malumbano ya mashairi darasani

Kabla hujawapa vijana mada, wape sheria hii: anayejibu hutumia bahari (aina ya shairi) na vina vilevile vya aliyemchokoza. Mimi nafundisha Kiswahili hapa Dodoma, na kila mwaka Kidato cha Tatu hulumbana chini ya mbuyu ulio nyuma ya jiko la shule. Sheria hiyo nimeichukua kwa Waarabu. Washairi Jarir na al-Farazdaq, wote wa kabila la Tamim, walirushiana madongo kwa takriban miaka 40, hadi mwanzoni mwa karne ya 8, na jibu lilifuata mizani na kina cha shairi lililojibiwa. Watu walijazana kuwasikiliza katika soko la Mirbad, Basra, katika Iraki ya leo.

Faida yake utaiona palepale. Huwezi kujibu vina usivyovisikiliza. Mwaka jana kijana mmoja alianza hivi:

Zabibu zako Hombolo, chachu zimegusa jino,
Kunguru kaona hilo, karuka bila maneno.

Binti aliyelengwa alinyamaza kidogo, akihesabu mizani kwa vidole, kisha:

Shamba lako ndilo hilo, halijaona mavuno,
Kunguru ajua hilo, akija hubeba ngano!

Tazama alivyomgeuza kunguru yuleyule. Huo ndio ufundi wa kuufundisha: chukua silaha ya mwenzako, umrudishie. Aliyekimbilia kunguru mwingine, au mfano mpya kabisa, mpunguzie alama hata kama watu wamecheka.

Jopo la waamuzi liwe la watu watatu. Dakika tano za kutunga zinatosha.

Sasa mipaka, na hapa usikimbie. Mwaka wa kwanza sikuweka mipaka, mvulana akaitaja biashara ya ubuyu ya mama wa binti mwenzake, na binti huyo hakurudi kwenye malumbano wiki mbili. Kosa lilikuwa langu. Dongo la ukoo hukaa muda mrefu. Jarir alimwambia mshairi al-Ra'i ainamishe macho kwa kuwa ni wa kabila la Numayr, hajawafikia watu wa Ka'b wala wa Kilab, na husimuliwa kwamba watu wa Numayr waliona haya hata kulitaja kabila lao. Kwa hiyo kwangu wazazi, umaskini, ugonjwa na maumbile ni marufuku. Shamba, uvivu, mpira, mwandiko, kupika ugali mbichi: ruksa. Nao utani wetu wa kikabila uwe kwa wanaoujua vizuri, usiwalazimishe wageni.

Usiyachanganye malumbano na ngonjera. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, alituletea ngonjera, na humo wanaobishana hatimaye hupatana. Malumbano hayahitaji mapatano. Huko Uskoti, karibu mwaka 1500, William Dunbar na Walter Kennedy walitukanana kwa mashairi katika enzi ya Mfalme James wa Nne, Dunbar akikebehi hata lugha ya Kigaeli ya mwenzake, na hakuna aliyelazimishwa kukubali. Lakini Kennedy alipokuwa mahututi, Dunbar alimtaja kwa huzuni katika shairi la kuwaomboleza washairi. Jarir naye alimtungia al-Farazdaq maombolezo.

Ndiyo maana nafunga hivi: kila mshindani asimame, aghani kwa moyo ubeti bora wa mpinzani wake. Yule binti alighani ule wa zabibu chachu, polepole, bila kukosea mizani hata moja, na kijana akainuka kumpigia makofi.