Mimea ya kuweka kwenye terariamu, usichague kwa sura

Aisee ngoja nianze na kosa langu maana karibu kila anayeanza terariamu, yaani bustani ndogo ndani ya chombo cha kioo, analifanya. Nlikuwa na jagi la kioo la biskuti, lile lenye mfuniko wa kioo, nikaenda kwa muuza maua wa barabarani hapa Dar nikachagua kwa macho tu: kaktasi moja ya duara, alovera mtoto, fitonia yenye mishipa myeupe na mani planti. Nikapanga, nikapiga picha, nikafunika. Wiki ya tatu kaktasi ikawa laini kama embe lililopitiliza, ukigusa kidole kinazama, alovera imegeuka maji, na mani planti ndo kwanza inachekelea inasukuma mfuniko. Fitonia peke yake ndo ilikuwa imetulia.

Muuza maua hana kosa hapo, hakuniuliza naenda kupanda wapi na mi sikumwambia. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani jiulize kwanza chombo chako kinafungwa au kiko wazi, maana hapo ndo nusu ya kazi ya kuchagua inaisha. Chombo kilichofungwa maji hayatoki: mmea unapumua, mvuke unagonga kioo, unarudi chini kama matone, mizizi inakunywa tena. Humo ndani ni kama msituni baada ya mvua, siku zote. Kaktasi, alovera, sneki planti na ndugu zao wote wenye majani mazito wameumbwa kwa ajili ya ukame, humo wataoza tu hata ukiwaombea. Hao watafutie bakuli la wazi, mchanga mwingi na dirisha lenye mwanga mkali, na usiwachanganye na fitonia kwa sababu mmoja akipata maji yake mwenzake anakufa.

Mambo haya ya kufunika mimea kwenye kioo yameanza zamani, na yameanza kwa bahati. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, kwenye mwaka 1829 hivi alifukia bundo la nondo, yaani nondo ambaye bado yuko ndani ya ganda lake, kwenye udongo ndani ya chupa akafunika, akisubiri nondo atoke. Kilichomshangaza ni kangaga na jani la nyasi vilivyoota humo humo, wakati kangaga za bustanini kwake zilikuwa zinakufa kwa moshi wa makaa ya mawe. Ona sasa kilichoota chenyewe ni nini: kangaga. Mmea wa kivulini, wa unyevu, usio na haraka. Ukikariri hizo sifa tatu utakuwa unachagua vizuri hata mmea ambao hujui jina lake.

Haya, ukubwa. Hapa watu wanadanganyika sana kwa sababu mmea kwenye kiriba, kile kifuko cha plastiki cha miche, unaonekana mdogo kumbe ni mtoto tu, mdogo na mtoto ni vitu viwili tofauti. Ile kangaga inayoning'inia kwenye vibaraza vya watu, ikiwa na majani manne inapendeza kwenye jagi, baada ya miezi kadhaa inataka chumba chake. Singoniamu, ile ya majani kama mkuki, hivo hivo, mani planti usiseme. Piga hesabu: jagi la sentimita 30, kokoto 3, mkaa uliopondwa 1, udongo 6, hapo umeshakula 10. Zimebaki 20, na juu unahitaji nafasi ili majani yasigande kwenye kioo maana jani linaloshinda limelowa linaoza, kwa hiyo tafuta mmea ambao ukikomaa kabisa hauvuki sentimita 12 au 15. Muulize muuzaji "huu mkubwa wake ukoje?" na kama anao mkubwa akuonyeshe, wengi wanao mama yake nyuma ya kibanda. Kuna mzee Uingereza, David Latimer, alipanda chupa yake kubwa mwaka 1960 na mwaka 2013 alisema mara ya mwisho kuimwagilia ilikuwa 1972. Watu wanashangaa habari ya maji, mi nashangaa kwamba mle ndani ni tradeskantia imejaa chupa nzima. Mmea unaotambaa ukiupa nafasi unachukua nyumba.

Sasa majina. Fitonia nampa namba moja, asili yake misitu ya Peru na majirani zake, anakaa chini chini, anapenda kivuli, na ana tabia moja nzuri ya kusema ukweli: akikosa maji analala chali kabisa kama amekufa, ukimpa kidogo baada ya saa chache ameinuka. Ipo ya mishipa myeupe na ya pinki, zote poa. Akianza kurefuka unabana ncha kwa kucha na hiyo ncha unaichomeka pembeni, inashika.

Peperomia ndogo, hasa ile yenye majani yaliyokunjamana kama uso wa bibi, nayo inafaa kwa sababu mizizi yake ni kidogo. Ila ipande sehemu iliyoinuka kidogo, shina lake linahifadhi maji na likishinda kwenye tope linaoza kuanzia chini. Selaginela ukiipata chukua bila kufikiria, inafanana na kangaga ndogo sana, nje ya chombo inakauka mapema ila ndani ya kioo inafurahi ajabu. Ile yenye majani ya madoa ya pinki kama imerushiwa rangi, hipoestesi, asili yake Madagaska, watu wanaipenda kwa rangi na mi siwakatazi, ila inakimbia kwenda juu, ukiisahau mwezi inakuwa kijiti chenye majani mawili kileleni. Kama hupendi kubana bana achana nayo. Na ule mtini mdogo unaotambaa kwenye kuta za fensi, usichume huo wa ukutani kuja kuweka humo, utafunika kila kitu.

Kuhusu yale majani laini kama zulia yanayoota kwenye ukuta wenye unyevu, wengine tunaita mosi tu: hayo huhitaji kununua. Wakati wa masika angalia nyuma ya simtanki au chini ya bomba linalovuja, bandua kwa kisu kipande kama kiganja na udongo mwembamba chini yake. Kabla ya kuweka lizamishe kwenye beseni dakika chache uone nani anatoka. Mi mara ya mwisho walitoka sisimizi kama ishirini na konokono mmoja mdogo kama punje ya mtama, fikiria huyo angekulia ndani ya jagi na fitonia zangu.

Halafu kuna ua ambalo linatuhusu kabisa na wengi hatujui, saintpaulia, lile dogo lenye majani ya manyoya na maua ya zambarau ambalo Ulaya na Marekani wanaliweka dirishani. Kwao ni huku, milima ya Usambara na misitu jirani. Mjerumani mmoja mtawala wa wakati wa ukoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwao, na mwaka 1893 likapewa jina lake. Porini linaota kwenye miamba yenye kivuli katikati ya mosi, karibu na vijito, kwa hiyo ukilitazama hivyo unaelewa linataka nini: hewa yenye unyevu, mizizi isiyosimama kwenye maji. Mi naliweka kwenye bakuli lenye mdomo mpana lisilofunikwa, kwa sababu likifungiwa kabisa moyo wake wa katikati unaoza, na maji ya baridi yakidondoka kwenye yale manyoya yanaacha madoa. Tafuta aina ndogo, zile ambazo upana wake hauvuki sentimita 20. Na tafadhali nunua kwenye vitalu, usiende kung'oa msituni, zile za porini zinaisha kwa sababu misitu yenyewe inakatwa.

Ukishaamua unataka nini, fika kibandani asubuhi kabla jua halijawachosha wote. Usichukue mmea wenye maua mengi, chukua wenye chipukizi. Geuza jani, chungulia chini na kwenye kikwapa pale linaposhikana na shina: ukiona kama vipamba vyeupe hivo ni vidung'ata, wadudu wanaofyonza mimea, rudisha taratibu usimwambie mtu samahani. Kwenye bustani ya nje unaweza kupambana navyo, ndani ya kioo vimepata hoteli. Kisha binya kiriba, kama kinanuka uvundo mizizi imeshaoza. Shika shina karibu na udongo utikise kidogo, likicheza cheza ujue limechomekwa jana halijashika.

Ukifika nyumbani usiwe na pupa. Weka mimea pembeni wiki mbili, mbali na mingine, uone kama kuna kitu kinaanguliwa. Siku ya kupanda pukuta udongo wote wa kiriba maana mara nyingi una samadi, na samadi ndani ya jagi inafanya mimea ikimbie kwenda juu na vinzi vidogo vijae. Tumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, mchanga kidogo na mkaa. Jagi la upana wa sentimita 20 mimea mitatu inatosha, mmoja mrefu kidogo, mmoja wa kati, mmoja wa kutambaa, najua panaonekana pako wazi ila subiri. Maji weka ya mvua kama unayo, haya ya visima vya Dar mengi yana chumvi na humo ndani chumvi haina pa kwenda. Jua la moja kwa moja hapana kabisa, kioo na jua la saa saba ni jiko, weka mita moja au mbili kutoka dirishani.

Asubuhi ukikuta ukungu kidogo kwenye kioo na mchana umepungua, uko sawa. Ukishinda hadi jioni huoni ndani, fungua mfuniko siku nzima, na ukishafungua chukua mkasi uondoe lile jani moja linalogusa kioo, lipo tu, angalia upande wa nyuma.